Saida na Peri za Magharibi ya Uingereza

Katika majimbo ya magharibi ya Uingereza, hasa Herefordshire, Gloucestershire, Worcestershire, Somerset na Devon, wakulima wamekuwa kwa karne nyingi wakikamua matunda yao na kuyaacha maji yake yachache. Kinywaji kitokacho katika matufaha huitwa saida, na kitokacho katika mapea huitwa peri. Pea linalotajwa hapa si lile la mafuta, lijulikanalo pia kwa jina la parachichi. Ni tunda dogo, gumu, lenye ukakasi wa kufunga kinywa. Waandishi wa karne ya 17 walisimulia kwamba pea la aina ya Barland lilikuwa kali hata nguruwe mwenye njaa hakulitaka. Na bado tunda hilo lililokataliwa na nguruwe lilitoa kinywaji ambacho mabwana wa zama zile walikiweka mezani pao bila ya kuona haya.

Utengenezaji wa kale ni mwepesi kuelezwa na mgumu kutendwa. Matunda yaliyoiva yaliokotwa chini ya miti, yakasagwa katika kinu cha jiwe kilichozungushwa na farasi. Rojo la mapea liliachwa usiku kucha ili ukakasi upungue; kisha likafungwa tabaka kwa tabaka katika vitambaa vya singa na kukamuliwa kwa shinikizo la parafujo. Hamira haikutiwa, kwa kuwa hamira ya asili ilikuwamo tayari katika maganda ya matunda na katika mbao za shinikizo lenyewe. Maji yale yalichacha polepole ndani ya mapipa majira yote ya baridi, na miti ilipoanza kuchipua tena kinywaji kilikuwa tayari. Peri ina tabia yake ya peke yake: mapea yana sorbitoli, kitu kitamu ambacho hamira haiwezi kukila, na kwa hiyo peri hubaki na utamu kidogo hata ikisha kuchacha kabisa.

Heshima ya vinywaji hivi ilifika kileleni katika karne ya 17. Mwaka 1657 John Beale alichapisha kitabu kidogo cha kuzisifu bustani za Herefordshire kuwa mfano kwa Uingereza nzima, na mwaka 1664 John Evelyn aliongeza katika kitabu chake cha misitu, Sylva, sehemu iliyohusu saida aliyoiita Pomona. Lord Scudamore wa Holme Lacy alisifika kwa kulieneza tufaha la Redstreak. Lililo la maana zaidi katika habari za wakati huo ni chupa. Viwanda vya kioo vya Uingereza vilikuwa vimeanza kutumia makaa ya mawe, na chupa zake nene ziliweza kuhimili nguvu ya gesi. Watengenezaji wa saida walitia sukari kidogo ndani yake, wakaziba barabara, wakapata kinywaji chenye mapovu wakati ambapo mvinyo wa Champagne ulikuwa haujapata sifa hiyo. Jambo hili husahauliwa na wale wanaodhani kwamba saida ilizaliwa ghalani na haikupata kutoka humo.

Mwaka 1763 serikali ya Lord Bute, iliyolemewa na deni la Vita vya Miaka Saba, ilimtoza mtengenezaji ushuru wa shilingi 4 kwa kila pipa kubwa. Kilichowachoma wakulima si shilingi zile tu, bali ruhusa waliyopewa maofisa wa ushuru ya kuingia nyumbani mwa mtu kukagua mapipa yake. William Pitt aliipinga sheria hiyo Bungeni kwa hoja ya heshima ya nyumba ya mtu, na mwaka 1766 sehemu iliyochukiza zaidi, ile ya kuwatoza wanaotengeneza kwa matumizi ya nyumbani, iliondolewa. Hata hivyo haifai kuwatukuza watengenezaji wa kale kupita kiasi. Mwaka 1767 tabibu George Baker alionyesha kwamba msokoto wa tumbo uliowatesa watu wa Devon ulitokana na risasi iliyotumiwa katika vinu na mashinikizo yao. Saida yao ilikuwa ya asili kabisa, na iliwaua.

Karne ya 19 ilileta unyonge wa namna nyingine. Saida ilikuwa sehemu ya ujira wa vibarua wa mashambani, na mwajiri alipata faida kwa kutengeneza nyingi iliyo hafifu. Sheria ya mwaka 1887 ilikataza kulipa ujira kwa vileo. Mwaka uo huo Percy Bulmer, mtoto wa kasisi, alianza katika mji wa Hereford kutengeneza saida ya kuuza, na kinywaji kikatoka mkononi mwa mwajiri kikaingia sokoni. Mwaka 1903 iliundwa taasisi ya utafiti wa matunda na saida huko Long Ashton, karibu na Bristol, ambayo iliyagawa matufaha ya saida katika makundi kwa ukali na ukakasi wake. Kazi zake zilikoma mwaka 2003. Mwaka 1953 ndugu wa ukoo wa Showering, wa Shepton Mallet, waliitangaza peri yenye gesi kwa jina la Babycham, na watu wengi wakainywa bila ya kujua kwamba ni peri.

Hapo ndipo ugomvi wa jina ulipoanza kukua. Sheria ya Uingereza hukiruhusu kinywaji kuitwa saida hata kikiwa na asilimia 35 tu ya maji ya tunda, tena maji hayo yaweza kuwa yale yaliyopunguzwa hata yakawa mazito, yakasafirishwa kutoka nchi za mbali. Kilichobaki ni maji na sukari. Kisha huchujwa, hupashwa moto, hutiwa gesi, na huwa na ladha moja mwaka hata mwaka. Chama cha CAMRA, kilichoundwa mwaka 1971 kutetea bia ya kienyeji, kiliunda mwaka 1988 kamati ya kutetea saida na peri. Hoja yake haikuwa kwamba viwanda vifungwe, bali kwamba mnywaji ajue anachouziwa. Viwanda vilipoanza kuuza kinywaji kwa jina la "saida ya mapea", chama kilikataa, kikisema jina la peri lipo na linatosha. Haki inadai kusemwa pia kwamba mikataba ya viwanda vikubwa ndiyo iliyowatia wakulima wengi moyo wa kutunza bustani zao.

Lakini miti ya peri ilipata hasara kubwa kuliko ya saida. Mpea huishi miaka 200 na zaidi. Mmoja wa Holme Lacy, ambao matawi yake yaliinama yakagusa ardhi na kuota mizizi, mwaka 1790 ulikuwa umeenea robo tatu za eka. Mbegu haizai mti ulio sawa na mama yake, na kila aina huendelezwa kwa kupandikiza kijiti tu. Kwa hiyo mti wa mwisho ukianguka, aina yake imekwisha. Charles Martell wa Gloucestershire alizunguka mashambani akitafuta zilizosalia, aina zenye majina ya ajabu kama Merrylegs na Mumblehead, na huko Hartpury ukapandwa mkusanyo wa taifa wa mipea ya peri. Mti mchanga unaopandikizwa huko leo hautatoa mavuno yake makubwa ila baada ya miongo kadhaa.