Tairi huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa

Magari ya zamani hayajatoweka Nakuru na viunga vyake. Katika mashamba ya Njoro, Molo na Gilgil bado hupatikana Land Rover na Volkswagen za miaka ya 1960 na 1970, pamoja na Peugeot 504, aina iliyosifika kwa kubeba abiria baina ya Nakuru na Nairobi.

Mengi ya magari hayo hulala ghalani kwa miezi, yakatolewa siku ya harusi au maonyesho, kisha yakarejeshwa. Kwa kuwa hayasafiri sana, meno ya matairi yake hayaliki, na mwenye gari huamini kuwa matairi ni mazima. Imani hiyo ndiyo inayoponza.

Tairi huharibiwa na barabara, lakini pia huharibiwa na umri. Hewa ya oksijeni hupenya ndani ya mpira na kuufanya mgumu, gesi ya ozoni huupasua nyufa ndogo ndogo, nalo joto huharakisha yote mawili. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako miali ya jua inayochoma mpira ni mikali kuliko nyanda za chini.

Watengenezaji huchanganya mpira na nta pamoja na kemikali za kuukinga. Kinga hiyo hujitokeza juu ya mpira tairi linapozunguka na kujikunja barabarani. Tairi lililosimama huikosa, na ndiyo sababu gari lililowekwa juu ya mawe laweza kuwa na matairi mabovu kuliko gari linalotumika kila siku.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Mpira hulegea polepole kutoka kwenye nyuzi za chuma zilizo ndani ya tairi. Mwendo ukiongezeka, joto hupanda, sehemu yenye meno hubanduka na tairi hupasuka. Likipasuka la mbele katika mteremko wa kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, ambako malori hufuatana, dereva hana muda wa kujinusuru.

Uingereza ilipata funzo hilo kwa uchungu. Mnamo Septemba 2012, basi lililobeba vijana waliotoka kwenye tamasha la muziki liliacha barabara karibu na Hindhead na watu 3 wakafa. Tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, ilhali meno yake hayakuwa yameisha. Kuanzia Februari 2021, nchi hiyo ilipiga marufuku matairi yaliyopita miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi.

Umri wa tairi husomwa ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza kwa herufi DOT. Tarakimu 2318 zina maana kuwa tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikiwa tarakimu 3 pekee, tairi ni la kabla ya mwaka 2000 na halifai tena barabarani. Wakati mwingine tarakimu hizo huwa upande wa ndani, hivyo hulazimu mtu kuinama chini ya gari.

Kampuni ya Michelin hushauri matairi yakaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na yabadilishwe yakifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama yanaonekana mazuri. Baadhi ya watengenezaji wa magari hutaja miaka 6. Tairi la akiba nalo huhesabiwa. Nyufa ubavuni, uvimbe au mtetemeko usiokwisha ni dalili za kulibadilisha mara moja, bila kujali umri.

Gari linalohifadhiwa liegeshwe mahali pakavu, penye giza na ubaridi, mbali na petroli, mafuta na mashine za kuchomelea vyuma, ambazo hutoa ozoni. Liinuliwe kwa vigingi imara ili uzito usiyabonyeze matairi upande mmoja.

Anayenunua matairi naye asome tarakimu hizo kabla ya kulipa. Tairi lililokaa dukani miaka mingi halijagusa barabara, lakini umri wake umekuwa ukihesabika tangu lilipotoka kiwandani.