Urithi wa Mjane katika Nchi ya Shinyanga

Tangu mahakama za kadhi zilipoondolewa Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1963, mirathi ya Mwislamu wa Shinyanga au Geita husikilizwa na hakimu wa Serikali. Naye sharti aamue kwanza: marehemu aliishi Kiislamu au kwa mila? Akiishi Kiislamu, mjane hupata robo, au thumni penye watoto. Akiishi kwa mila, hufuatwa kanuni zilizotangazwa mwaka huo huo wa 1963, ambazo humnyima mjane fungu maadamu ndugu wa ukoo wapo. Atunzwe na wanawe, basi.

Ukosefu wa cheti si kizuizi kikuu, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 huwadhania kuwa wameoana wale waliokaa pamoja miaka miwili na kujulikana hivyo. Lakini machimboni, wachimbaji wakihama, nani atashuhudia?

Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa nyumbani na shemeji zao, walizishtaki kanuni hizo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, ila haikuzitengua, ikisema mila haibadiliki kwa hukumu. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa kwa sababu ya tarehe iliyokosewa katika amri ya mahakama, kosa wasilolitenda wajane. Machi 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba haki zao zilivunjwa.