Saratani ya mlango wa kizazi: kapime kabla hujaumwa

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mji wa mimba, pale unapokutana na uke. Saratani ya hapo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Karibu yote husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vikibaki, huchukua miaka 10 hadi 20 kuleta saratani, na muda wote huo unalima viazi vyako au unauza sokoni Makambako bila kuumwa popote.

Kwa nini tunalisema sana Njombe? Kwa sababu ya VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta mkoa wetu unaongoza nchini, asilimia 11.4 ya watu wazima. Mama mwenye VVU ana hatari mara 6 zaidi ya kupata saratani hii, na kwake mabadiliko huenda haraka. Kama unachukua dawa CTC, uliza kuhusu kipimo hiki siku hiyohiyo, hata kama hujafika miaka 30. Wengine waanze wakiwa na miaka 30.

Kipimo chenyewe

Usiende ukiwa kwenye hedhi. Utalala kitandani, muuguzi ataingiza kifaa cha kupanua uke, kisha atapaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi na kusubiri kama dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko huwa nyeupe. Basi. Kinabana kidogo, hakikati, na majibu unapewa hapohapo. (Hapana, kizazi hakitolewi nje. Swali hili huulizwa sana.)

Weupe si saratani. Mara nyingi ni mabadiliko ya awali, yanayotibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, pengine siku hiyohiyo. Baada ya tiba hiyo utaambiwa usikutane na mumeo kwa wiki kama 4. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa hiyo zungumza naye kabla hujaenda, au nenda naye.

Binti yako

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote 2018. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haizuii kuzaa. Akikua, naye atahitaji kupima.

Usisubiri ukiona haya

Damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya usiokoma. Kama umeshapewa dawa za fangasi mara mbili tatu na hali ni ileile, omba uangaliwe mlango wa kizazi.

Ikithibitika ni saratani

Ikigundulika mapema, upasuaji unaweza kutosha. Ikiwa imesogea, huhitaji mionzi pamoja na dawa, na wagonjwa wengi hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi huchukua wiki kadhaa. Wewe unayemuuguza, tafuteni mapema pa kufikia na mtu wa kubaki na watoto. Beba barua ya rufaa na majibu ya kinyama kilichopimwa. Atachoka, na huenda akaharisha. Mpe maji mara kwa mara na chakula kidogokidogo. Maumivu yakizidi, mwambieni daktari bila kuona haya, kwa kuwa dawa zake zipo.