Ruhusa ya Kufundisha: Kutoka Mkeka wa Msikitini hadi Darasa la Uzamili

Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na mji wa Bagamoyo, alisafiri kwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Alikuwa amesoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, kama watoto wengine wa pwani, akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na aliwahi kuitumikia serikali ya Wajerumani kwa kukusanya kodi. Huko Berlin aliwakuta maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakijiandaa kuja Afrika Mashariki. Hao ndio walikuwa wanafunzi wake.

Kila ninapopita Bagamoyo humkumbuka mtu huyu, kwa sababu maisha yake yamebeba swali ambalo vyuo vikuu vyetu vinalijibu kila mwaka kwa fomu na mihuri: nani ana haki ya kumfundisha yule ambaye naye anataka kuwa bingwa? Kumfundisha mtoto kusoma ni kazi kubwa. Lakini kumfundisha mtu mzima mwenye shahada, anayetafuta uzamili au uzamivu ili kesho na yeye asimame mbele ya wengine, ni kazi inayohitaji ruhusa ya namna yake. Pwani yetu imeitoa ruhusa hiyo kwa karne nyingi, na kila zama ilikuwa na mtoaji wake.

Mtoaji wa kwanza alikuwa mwalimu mwenyewe. Kijana aliyekwisha kuhitimu Kurani hakuitwa mwanachuoni. Alianza upya: nahau ya Kiarabu, fiqhi, mirathi, tafsiri. Baada ya sala alikaa mkekani mbele ya sheikh, kitabu kimoja kati yao. Kijana anasoma mstari, sheikh anasimamisha, anauliza irabu ya neno, anamtaka aeleze maana, kisha anamruhusu kuendelea. Kitabu kimoja kingeweza kuchukua miaka. Siku sheikh aliporidhika, alimwandikia ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha kitabu hicho. Karatasi ile ilitaja kitabu kilichosomwa, jina la aliyesoma, jina la aliyesomesha, na mara nyingi mlolongo wa walimu waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Sheikh alikuwa anatia heshima yake rehani: mwanafunzi akipotosha, aibu inamrudia yeye kwa jina.

Kwa ijaza za namna hiyo watu wa pwani walivuka bahari. Sheikh Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alisoma Hadhramaut, akafika Istanbul, Misri na Makka, kisha akawa kadhi na mwalimu mkubwa Zanzibar. Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu alisoma Makka na Hadhramaut, akarudi kufundisha Ukutani, Unguja, mahali palipokusanya wanafunzi kutoka pande zote za mwambao. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na wanafunzi wao wakawa ndio walimu wa kizazi kilichofuata, kuanzia Lamu hadi Ngazija.

Bagamoyo nayo ilikuwa na ushahidi wake, tena mzito kuliko mwingine. Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu walimwita Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo. Alikulia katika nyumba ya Liwali Amir bin Suleiman al-Lamki. Alisoma, akafundisha, akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriya ambaye watu wa bara na pwani walimfuata. Alipofariki mwaka 1931, mji uliokuwa umempokea kama mali ulimzika kama sheikh wake. Fikiria maana yake. Katika jamii iliyopima watu kwa kabila la baba na kwa uungwana, ruhusa ya elimu ilimpandisha mtu ambaye hakuwa na nasaba ya kujivunia. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, na wenye nasaba walipata njia nyepesi zaidi. Lakini aliyejua, alijua, na mwalimu aliyemshuhudia aliweza kulisema hilo hadharani.

Ulaya nayo ilianzia mahali panapofanana na hapo. Katika karne ya 12 na 13, vyuo vya Bologna na Paris vilihitaji idhini ya kufundisha, na ilitolewa na mamlaka ya Kanisa. Mwaka 1219 Papa Honorius III aliagiza kwamba mtu asipewe idhini hiyo Bologna bila kibali cha shemasi mkuu wa mji. Neno daktari lenyewe, kwa asili yake ya Kilatini, maana yake ni mwalimu. Shahada ya udaktari ilikuwa ruhusa ya kufundisha kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Mambo yalibadilika Ujerumani. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1810, kiliweka utafiti katikati ya kazi ya profesa, na mtindo wake ukaigwa duniani. Chuo Kikuu cha Yale kilitoa uzamivu wa kwanza wa Marekani mwaka 1861. Oxford ilisubiri hadi 1917. Tangu hapo, kipimo cha mwalimu wa ngazi ya juu kikawa tasnifu: je, umeongeza jambo jipya katika elimu?

Ni katika chuo hichohicho cha Berlin ndipo Mtoro alipofundisha, kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa mwaka 1887. Kabla yake walikuwepo Sleman bin Said na Amur bin Nasur kutoka Zanzibar. Utaratibu ulikuwa huu: mwalimu Mjerumani anaeleza sarufi, Mswahili anafundisha matamshi na mazungumzo, anasomesha barua na hadithi. Cheo chake kilikuwa lekta, chini ya profesa. Profesa Carl Velten alichapisha mwaka 1903 kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho sehemu yake kubwa ilitoka kwa Mtoro. Humo yamo maisha ya chuoni, jando na unyago, ndoa, biashara na safari za bara. Jina lililokaa mbele lilikuwa la Velten. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1981 ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari kwenye anwani ya kitabu, miaka 54 baada ya kifo chake.

Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani na mke wake Mjerumani, Bertha Hilske. Watawala wa koloni hawakumruhusu kushuka naye Dar es Salaam, na wote wawili wakarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, ambako Carl Meinhof alikuwa profesa, Mtoro akibaki msaidizi wa lugha. Alifariki Berlin mwaka 1927. Kwa maneno mengine, chuo kilichoufundisha ulimwengu kumheshimu anayeongeza elimu kiliichukua elimu ya Mtoro, kikamnyima cheo. Ujuzi haukupungua. Kilichokosekana ni mtu wa kumshuhudia.

Uhuru ulipokaribia, ruhusa ilihamia London. Oktoba 1961 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London, kama ilivyokuwa Makerere tangu 1949. Mwaka 1963 kikaja Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chuo kimoja cha nchi tatu. Julai 1970 Dar es Salaam ikasimama yenyewe. Walimu wengi wa mwanzo walikuwa wageni, na vijana wetu walipelekwa ng'ambo kutafuta uzamivu ili warudi kushika nafasi hizo. Isaria Kimambo alisoma historia ya Wapare akiwa Marekani. Euphrase Kezilahabi, fundi wa riwaya na ushairi wa Kiswahili, naye alichukua uzamivu Wisconsin mwaka 1985. Mwaka uliofuata Mugyabuso Mulokozi alimaliza wake hapahapa Dar es Salaam, juu ya tenzi za Wahaya zinazoimbwa kwa ala ya nanga. Kwangu mimi hiyo ni tarehe ya kukumbukwa: fasihi yetu ilipewa ruhusa nyumbani.

Leo mtoaji wa ruhusa ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa mwaka 2005. Ngazi zinajulikana: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Anayetaka kuingia anaulizwa wastani wa alama, 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, kati ya 5. Anayefundisha na kusimamia uzamili anatakiwa awe na uzamivu. Kupanda cheo ni kuchapisha makala. Sheria hizi zina faida, kwani zimefunga mlango wa upendeleo na kumlinda mwanafunzi dhidi ya mwalimu asiyesoma.

Lakini Bagamoyo inatuonyesha pengo. Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na sasa kuitwa TaSUBa, kilimpokea Hukwe Zawose, Mgogo aliyekuja na zeze na ilimba. Kwa kukaa karibu naye, vijana walijifunza kusikia tofauti ya noti ambayo hakuna tasnifu ingeweza kuwaeleza. Alifariki Desemba 2003. Kwa vigezo vya leo, mtu kama yeye angeingia darasa la uzamili wa muziki kwa mlango wa mgeni, kama Mtoro alivyoingia Berlin.

Tasnifu inathibitisha kwamba mtu anaweza kutafiti. Alama zinathibitisha kwamba alifaulu. Hakuna kati ya hizo inayothibitisha kwamba aliwahi kuonekana akifundisha, na hilo ndilo jambo ambalo sheikh wa mkekani alilijua kwa hakika kabla hajashika kalamu. Naviomba vyuo vikuu vyetu virudishe shahidi. Kabla mhadhiri mpya hajakabidhiwa darasa la uzamili peke yake, mwandamizi wake akae naye darasani muhula mzima, kisha aandike kwa jina lake mwenyewe: nimemwona, anafaa. Na wajuzi wasio na shahada wapewe njia ya kutambuliwa yenye cheo na mshahara, na majina yao yakae mbele ya kazi zao.