Usukani wa Nchi Kavu: Lugha ya Mabaharia Mtito Andei

Mtito Andei, mji ulio takriban katikati ya njia ya Mombasa na Nairobi, hauna bahari. Hata hivyo, lugha ya wasafiri wake ina asili ya chomboni. Reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na barabara baada yake, hazikupandisha bara watu na bidhaa tu, bali msamiati pia. Dereva wa lori hushika usukani, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo kwa mabaharia ni kifaa cha tezini kiongozacho jahazi. Nahodha wa timu ya mpira naye amerithi cheo cha mkuu wa chombo.

Maneno hayo yalisalimika kwa kuwa yalipata kazi mpya. Yasiyoipata, kama vile foromali, joshi na ngama, yamo hatarini. Methali "Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani" hufika bara. Lakini asiyejua kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini yanamokusanyika maji, hukariri sauti tupu. Basi watunga kamusi hawana budi kuyaandika maneno hayo pamoja na kazi zake, maadamu manahodha wa matanga wangalipo.