Yafaayo kujulikana kabla ya kumwona mwanasaikolojia mara ya kwanza

WATU wengi hufika kwa mwanasaikolojia mara ya kwanza wakiwa na hofu mbili: kwamba majirani watadai wamerukwa na akili, na kwamba watakayoyasema yatasambaa mtaani.

Ifahamike kwamba mwanasaikolojia si daktari wa magonjwa ya akili. Daktari huyo amesomea utabibu na huagiza dawa, ilhali mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo. Akiona dalili zinazohitaji dawa, humwelekeza mteja kwa daktari.

Mtaalamu anayeijua kazi yake huanza kwa kueleza mipaka ya siri. Yasemwayo chumbani hubaki humo, isipokuwa pale ambapo maisha ya mteja au ya mtu mwingine yamo hatarini, mtoto anadhulumiwa, au mahakama imeagiza.

Kikao chenyewe kwa kawaida huchukua kati ya dakika 45 na 60, na sehemu kubwa huwa ni maswali. Shida ilianza lini? Usingizi na hamu ya chakula vikoje? Kazi na ndoa zinaendeleaje? Je, mteja hutumia pombe au dawa za kulevya?

Aidha, huenda akapewa hojaji fupi ajaze. PHQ-9, ambayo hutumiwa sana kupima dalili za sonona, ina maswali 9 kuhusu hali ya mtu katika majuma mawili yaliyotangulia. Si mtihani, hakuna anayefaulu wala kuanguka. Mteja pia yuko huru kusema kwamba jambo fulani hajawa tayari kulizungumzia.

Swali linaloogofya zaidi ni iwapo amewahi kuwaza kujiua. Nchini Kenya, wengi walilikwepa kwa kuwa Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Swali hilo huulizwa ili kuokoa maisha, hivyo lajibiwa kwa ukweli. Aliye katika hatari ya kujidhuru asingoje siku ya miadi, bali afike mara moja katika hospitali iliyo karibu.

Mteja naye ana haki ya kuuliza: ada ni kiasi gani, vikao vitakuwa vingapi, na je, mtaalamu amesajiliwa? Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inawataka watoaji wa huduma hizi wasajiliwe.

Mwishoni, mtaalamu hueleza alivyolielewa tatizo, kisha wawili hao hukubaliana kuhusu hatua itakayofuata. Baadhi huondoka wakiwa wamechoka au wakitokwa na machozi. Hiyo si ishara kwamba tiba imeshindwa, kwani kikao kimoja ni mwanzo tu. Asiyeridhika anaweza kumtafuta mtaalamu mwingine.

Mficha uchi, walisema wahenga, hazai.