Kilimanjaro haikuwa zawadi, almasi ya Mwadui ilikuwa

Wadau, kwenye mpaka wa Serengeti na Maasai Mara kuna mawe madogo kando ya njia, T upande mmoja, K upande wa pili. Watalii wanayapenda sana: mguu mmoja Tanzania, mwingine Kenya, piga picha. Na hapo ndipo inaposimuliwa ile hadithi tuliyolishwa wote tangu shuleni. Kwamba Malkia Victoria alikuwa na milima miwili yenye theluji, mjukuu wake Wilhelm hana hata mmoja, bibi akaona huruma, akamkatia Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana mstari umenyooka, halafu ukapinda pale mlimani.

Hadithi tamu. Tatizo ni miaka.

Mpaka ule ulikubaliwa kwa barua kati ya London na Berlin, tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886. Wakati huo Wilhelm wa hadithi hakuwa Kaisari. Aliyekuwa kwenye kiti ni babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza. Mjukuu alikalia kiti Juni 1888. Sasa bibi alimpa mlima auweke wapi?

Kilichofanyika ni biashara. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikusanya mikataba yake Taveta. Juni 1885 Mjerumani Karl Jühlke akafika Moshi, akapata mkataba wake kwa Mangi Rindi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara. Kila upande ukaja mezani na karatasi zake mkononi. Soma maelezo ya mpaka wa 1886 uone: unaanzia mdomo wa mto Umba, unakwenda Ziwa Jipe, unapita kati ya Taveta na Uchagani, unazunguka chini ya mlima upande wa kaskazini, kisha unanyooka hadi Ziwa Victoria. Taveta kwa Mwingereza, Uchagani kwa Mjerumani. Huyu Mombasa, yule mlima. Kona ile ni alama ya watu waliovutana, si ya bibi mwenye huruma.

Na mwenye pwani, Sultani Barghash wa Zanzibar? Iliundwa tume ya Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa kupima eneo lake ni lipi. Yeye mwenyewe hakuwa na mjumbe. Akaachiwa ukanda wa maili kumi kutoka baharini, na Desemba 1886 akakubali. Angefanya nini?

Sasa mtaniuliza, mtu wa Kishapu unahangaika na Kilimanjaro ya nini? Subirini.

Mstari wa 1886 uliishia ufukwe wa mashariki wa Ziwa Victoria, nyuzi 1 kusini ya ikweta. Ng'ambo ya ziwa hapakuwa na mstari. Kazi hiyo ilimaliziwa tarehe 1 Julai 1890, ule mkataba maarufu ambao Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland, na Uingereza ikapewa nafasi ya kuiweka Zanzibar chini ya ulinzi wake. Mstari ukavushwa majini hadi Kongo. Usukuma wote uko kusini mwa mstari huo, kwa hiyo hata Kishapu ikahesabiwa ya Mjerumani. Watemi wetu hawakutumiwa hata mjumbe wa kuwaambia, achilia mbali kuwauliza. Kisiwa kilichotajwa kwa jina mezani hakifiki kilomita za mraba mbili. Sisi tulikuwa ndani ya neno "kusini".

Vita ya Kwanza ikaja, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akakabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, na Desemba 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Shikeni neno hilo, udhamini. Mdhamini anashika mali kwa niaba ya mwenyewe.

Katikati ya hapo, mwaka 1940, Mkanada John Williamson alikuwa ameikuta miamba ya almasi pale Mwadui, hapa hapa Kishapu. Oktoba 1947 likachimbuliwa jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5 kabla ya kukatwa. Mwezi uliofuata Princess Elizabeth wa Uingereza alikuwa anaolewa. Williamson akampa jiwe hilo kama zawadi ya harusi. Lilikatwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikalitengenezea pambo la kifuani lenye umbo la ua. Elizabeth alikuwa ameshakuwa malkia.

Kwa sheria ya wakati ule Williamson aligawa kilicho chake, mgodi ulikuwa wake. Simwiti mwizi. Ninachoshangaa ni kumbukumbu zetu. Zawadi ambayo haikutokea kila mtoto wa shule anaijua. Zawadi iliyotokea, ina tarehe, ina uzito, ina picha kifuani mwa malkia, nawauliza vijana wenzangu mjini wananitazama tu.

Nafikiri ile ya mlima inapendwa kwa sababu inageuza mapatano ya mabeberu kuwa mambo ya familia. Bibi na mjukuu, nani atamkasirikia bibi? Lakini inamfuta Mangi Rindi, inamfuta Barghash, na inafanya mpaka uonekane kama mzaha.

Mimi nikipewa kibao kimoja cha barabarani nitakisimika Maganzo, pale unapoiacha barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza kuelekea mgodini. Nitaandika 1886, 1890, 1947, na chini yake karati 54.5. Maelezo mengine wasafiri waulize wenyewe wakati basi linashusha abiria.